Kokteli ya Krismasi kwa kombucha ya nyumbani: sukari ipungue, toti ihesabiwe

Swali: Shikamoo dada. Naishi Sakina hapa Arusha, Krismasi tunapanda Kibosho nyumbani kwa mume wangu, tutakuwa watu kama ishirini hivi. Natengeneza kombucha mwenyewe, ile chai ya sukari inayochachushwa, skobi (ule utando wa hamira na bakteria unaoichachusha) alinipa rafiki, na mwaka huu nataka niwatengenezee kokteli yenye afya kidogo tuachane na zile za soda na sirapu. Nafanyaje? Shemeji yangu anasema kombucha inasafisha ini kwa hiyo ukichanganya na pombe haikudhuru, ni kweli? Halafu mama mkwe ana kisukari, na wapo ndugu hawagusi pombe kabisa.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza mapema manake kombucha haikimbizwi. Nianze na hilo la shemeji kabla hatujagusa chupa yoyote, kwa sababu likibaki kichwani mwa watu hapo nyumbani litaharibu kila kitu kingine ntakachokuambia: hapana, kombucha haisafishi ini, wala haizuii pombe isikudhuru. Ini linajisafisha lenyewe, na kazi ya kuivunja pombe inafanywa na ini hilohilo, ukimimina kombucha juu ya Konyagi ini linapokea Konyagi ileile iliyotoka kwenye chupa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe unachoweza kukiita salama kwa afya, na hawakuweka msamaha kwa pombe iliyochanganywa na kitu kilichochachushwa. Mwambie shemeji kwa upole tu.

Sasa afya ya kokteli hii inatoka wapi? Inatoka kwenye vile vitu unavyovipunguza, basi. Chukua kokteli ya kawaida ya sikukuu, soda ml 200 na toti ya shira ya sukari: soda hapo ina kama gramu 21 za sukari, shira ml 30 ina kama gramu 18, tayari uko karibu na gramu 40 kwenye glasi moja, wakati hilo Shirika la Afya linashauri mtu mzima akiweza asizidishe kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Kombucha nayo ina sukari, tusidanganyane, ukianza na gramu 70 kwa lita basi baada ya wiki mbili nusu yake au zaidi inaweza kuwa bado imo, ila ukitumia ml 120 unaingiza kama gramu 4 mpaka 6. Na ule uchachu wake ndo unafanya kazi ambayo watu wanaitafuta kwenye sukari, yaani glasi inakuwa na ladha nzito, inakuna koo kidogo, mtu anainywa taratibu. Ukiniuliza mimi hiyo ya kunywa taratibu ndo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu kitamu sana kinashuka kama maji na mtu hajui ameshafika toti ya ngapi.

Tuje kwenye kutengeneza. Wewe uko Arusha kwa hiyo kitu cha kwanza ni maji. Maji mengi ya huku kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ndo hayo yanayoacha meno ya kahawia kwa watoto wetu, na kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inazidi kukolea. Majani ya chai nayo yana floraidi yake, kwa hiyo ukipikia chai nzito kwenye maji ya aina hiyo unajumlisha mara mbili. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au ya dukani, au kama mna chujio la makaa ya mifupa yale yanayotengenezwa Ngurdoto hapo Arumeru tumia hayo.

Kwa watu ishirini, ukitoa watoto na wasiokunywa, lita 5 zinatosha na utabaki na ya mbegu, yaani ya kuanzishia nyingine. Chemsha maji lita moja na nusu, weka majani ya chai nyeusi ya kawaida gramu 25 hadi 30, yawe ya Lushoto au Mufindi au popote, ila yasiwe yenye masala wala yenye mafuta ya kunukia kwa sababu mafuta yale yanaisumbua skobi. Dakika kumi, chuja, koroga sukari gramu 350, halafu ongeza lita 3 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Subiri mpaka ukigusa chombo kwa nje husikii joto kabisa ndo uweke skobi na nusu lita nzima ya kombucha ya zamani iliyochacha kabisa. Hapo kwenye nusu lita usibanie. Hiyo kombucha ya zamani ndo mlinzi wa chombo siku za mwanzo, inaongeza asidi haraka ili vijidudu vibaya visipate nafasi, na wanaobania hapo ndo wanaokuja kulalamika ukungu. Chombo kiwe cha kioo chenye mdomo mpana. Usitumie sufuria ya alminiamu, na usitumie mtungi wa udongo uliopakwa ile rangi ya kung'aa, kwa sababu asidi inavuta risasi iliyomo kwenye rangi na wapo watu walishaugua kwa njia hiyo. Funika kwa kipande cha kitambaa kilichofumwa kikabana, kitenge safi kinafaa kabisa, chandarua hakifai, vile vinzi vidogo vya matunda vinapita.

Kuhusu siku: Arusha ni baridi kuliko Moshi hata Desemba, kwa hiyo usifuate siku saba za kwenye intaneti. Mi ningeanza tarehe 5 au 6, niionje kuanzia siku ya tisa, na nitegemee kuitoa kama tarehe 19. Kwa kokteli iache iende mbele siku mbili tatu kuliko unavyopenda kuinywa yenyewe, iwe chachu kiasi cha kukukunja uso kidogo, kwa sababu juisi ya matunda na barafu vitaipoza. Kama unaweza kupata vile vikaratasi vya kupimia asidi kwenye duka la vifaa vya maabara, nunua, ni bei ndogo (vinasoma pH, namba ikishuka ujue asidi imezidi): siku ya kwanza baada ya kuchanganya isome chini ya 4.6, na ikiiva iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini ya 2.5 imeshakuwa siki, hiyo wekea kachumbari ya ndafu. Na ukiona ukungu juu, yaani manyoya makavu ya kijani, meusi au meupe, hakuna kubandua ukaendelea, mwaga yote pamoja na skobi. Nyuzi za kahawia zinazoning'inia chini ya skobi hazina shida, hizo ni hamira tu.

Nasisitiza usafi kwa sababu mwaka 1995 kule Iowa, Marekani, kina mama wawili waliokuwa wanakunywa kombucha ya nyumbani kila siku waliugua vibaya na mmoja akafariki. Haikuthibitishwa kwamba ni kombucha ndo iliyosababisha, ila baada ya hapo CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakaandika kwamba kama ml 120 kwa siku huenda isimdhuru mtu mzima mwenye afya. Ndo maana kipimo changu cha glasi moja ni ml 120 na sio kujaza.

Baada ya hapo inakuja chupa, na hapa ndo pa kuwa makini kuliko pote. Kabla ya kumimina toa skobi na kama robo tatu lita uweke pembeni kwa mbegu. Iliyobaki weka choya, yale maua mekundu ya rozela: chemsha konzi mbili za choya kavu kwenye maji nusu lita mpaka yawe mekundu mazito, poza, chuja, na katika kila lita ya kombucha tia ml 100 na vipande vitatu vinne vya tangawizi iliyopondwa. Usiongeze sukari, iliyobaki mle inatosha kuleta gesi. Rangi utakayopata ni nyekundu ya Krismasi yenyewe, hutahitaji rangi ya dukani. Acha nafasi ya vidole viwili juu, funga, weka kabatini siku mbili, halafu friji.

Sasa nyie mnasafiri, kwa hiyo usiweke kwenye chupa za kioo hata kama kwenye picha zinapendeza. Tumia chupa za plastiki za soda zilizosafishwa vizuri, zile zimetengenezwa kubeba gesi na soda yenyewe ina asidi kama hiyohiyo. Ukiibonyeza na kidole na imekuwa ngumu kama soda mpya, iko tayari, iingie friji siku hiyohiyo. Chupa ya kioo haikuambii kitu mpaka ipasuke, na kioo kikipasuka kwa gesi kinaruka usoni. Hebu fikiria ile safari ya tarehe 23, foleni Tengeru, foleni Usa River, jua la Boma Ng'ombe, buti limejaa mizigo na jiko la mtu juu yake, hiyo joto linaamsha hamira upya na gesi inapanda kila dakika. Tafuta deli lenye barafu, chupa zikae humo wima, na deli likae ndani ya gari sio kwenye buti. Mkifika Kibosho ziingie friji kwanza, au kama umeme umekatika ziache kwenye deli, na usifungue chupa ambayo bado ya moto. Ikishapoa fungua polepole ukiwa umefunika kitambaa.

Kuchanganya ni kazi nyepesi kama umeshafanya hayo. Glasi moja iko hivi: jaza barafu nusu glasi, weka toti moja ya Konyagi, nasema toti moja ya ml 30 iliyopimwa na kipimo, weka ml 30 ya juisi ya pesheni iliyochujwa bila maji wala sukari, koroga hivyo viwili na barafu mpaka glasi itoe jasho, halafu ndo umimine kombucha ml 120 taratibu pembeni ya glasi, na umalizie na maji ya gesi ml 60. Kombucha siku zote iwe ya mwishomwisho na usiitikise kwenye chupa ya kuchanganyia, utapoteza gesi yote uliyoihangaikia wiki mbili na utachafua meza. Juu yake bandika jani la mnanaa au kipande cha chungwa, limau usiweke, uchachu umeshatosha. Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi, ukipiga hesabu ya glasi nzima unakuta inakaribia nguvu ya bia ya kawaida, na sukari yote haizidi gramu 10 hivi. Chupa ya ml 750 inakupa toti 25, kwa hiyo kwa wanywaji wenu kumi na kitu chupa moja inatosha kabisa, nunua hiyo moja na usiweke ya akiba, watu hunywa kilichopo. Kama kuna anayependa jini nyingine au ramu nyeupe sawa tu, ila wiski na choya mimi naona zinagombana. Halafu gongo isisogee hapo hata kwa utani, hujui ndani yake kuna nini na hakuna matunda yanayoondoa sumu.

Ila mi binafsi kama nyumba ni yangu ningeweka kokteli ya mvinyo mbele na ya Konyagi nyuma. Chukua mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma, sio ule mtamu, ml 75, kombucha ya choya ml 120, maji ya gesi ml 30, barafu, na vipande vya embe au nanasi. Kilevi kinashuka mpaka kama asilimia 4, ladha inakaa vizuri sana na mtori au na nyama choma, na wazee wanaipenda kwa sababu haiwachomi. Kwa wale watakaokuambia uchanganye na mbege, ile pombe ya ndizi ya Uchagani, kataa kwa heshima. Mbege ina uzito wake wa ulezi na uchungu wake wa msesewe na hamira yake hai, ukiichanganya na kombucha umeharibu vyote viwili, iacheni kwenye kata yake.

Tuje kwa ndugu wasiogusa pombe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kombucha yenyewe ina kilevi. Kidogo, lakini kipo, kwa sababu hamira inageuza sukari kuwa pombe kabla bakteria hawajaigeuza kuwa asidi, na ukishaifunga kwenye chupa na matunda kinapanda zaidi. Ya nyumbani inaweza kabisa kuvuka asilimia 1 na wewe hujui kwa sababu huna cha kupimia. Marekani mwaka 2010 maduka yalitoa kombucha kwenye shelfu kwa ishu hiyohiyo, ilikuwa inapita asilimia 0.5 ambayo ndo mwisho wa kinywaji kuitwa hakina kilevi kule. Kwa hiyo kama kuna shangazi Msabato au shemeji Mwislamu, au kaka ambaye ameacha pombe na anapambana nayo, usimpe glasi ukasema hii haina kitu. Mwambie ukweli aamue mwenyewe, na uwe na kinywaji chao ambacho ni kizuri kama cha wengine, sio kuwapa maji ya chupa wakae pembeni. Chemsha choya na tangawizi, mdalasini na karafuu chache, ipoe, weka kwenye jagi na vipande vya chungwa na pesheni, ukimimina kwenye glasi malizia na maji ya gesi. Rangi ni ileile, glasi ileile, barafu ileile. Hicho pia ndo cha watoto na yeyote ambaye kinga yake iko chini, hao pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha kombucha ya nyumbani wasiinywe kwa sababu haijachemshwa na ina kilevi na kafeini. Na ulizia kama kuna mtu yuko kwenye dozi ya Flagyl, sikukuu watu wengi wanakuwa nayo kwa sababu ya tumbo, wengi wanashauriwa wasiguse kilevi chochote mpaka siku kadhaa baada ya kumaliza.

Mama mkwe sasa. Atakuwa ameshasikia kwamba kombucha inashusha sukari, na kweli upo utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2023 ulioonyesha sukari ya asubuhi imeshuka kwa wanaokunywa, lakini walikuwa watu 12 tu, hiyo ni dalili ya kufuatilia na sio dawa ya kumpa mzazi. Asiache dozi yake hata siku moja kwa sababu ya kinywaji. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pombe: kama anatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, pombe inaweza kuishusha sukari yake chini sana, tena masaa mengi baadaye akiwa amelala, na mtu akimwona anajikwaa maneno atasema amelewa tu mwacheni apumzike. Kwa hiyo yeye mpe ile ya choya bila pesheni nyingi na bila sukari kabisa, akiwa na hamu ya kuonja kombucha apate robo glasi baada ya kula, na daktari wake aulizwe kabla ya safari sio siku yenyewe.

Anayeendesha gari kushuka Moshi jioni naye ni wa jagi la choya, suala hilo la dereva mlimalize mapema kabla funguo hazijaanza kutafutwa.

Mwisho skobi yako huku Sakina. Usiibebe kwenda nayo. Ile robo tatu lita uliyoiweka pembeni iweke na skobi kwenye chombo cha kioo, ongeza lita moja ya chai mpya yenye sukari gramu 70, funika kitambaa, weka kabatini mbali na jua na mbali na jiko, sio kwenye friji. Hata mkikaa huko mpaka baada ya mwaka mpya haitakufa, utaikuta imekuwa chachu mno kwa kunywa lakini ndo inayofaa hasa kuanzishia lita 5 zingine.